Zile asilimia 90 za miwani ya uhalisia pepe

Ujumbe huu haukauki kwenye magrupu: eti mtu hukumbuka asilimia 10 ya anachosoma, 20 ya anachosikia na 90 ya anachotenda, hivyo mafunzo ya usalama kazini kwa miwani ya uhalisia pepe (VR), ile inayofunika macho na kuonyesha mazingira yaliyotengenezwa na kompyuta, lazima yayashinde ya skrini ya kompyuta.

Asilimia hizo hazina utafiti nyuma yake. Zilibandikwa baadaye kwenye mchoro wa koni wa njia za kujifunza uliochapishwa Marekani mwaka 1946, ambao haukuwa na namba hata moja. Tena zote zinaishia na sifuri. Kumbukumbu za watu hazipimiki kinadhifu hivyo.

Kinachochanganya ni kwamba miwani humfanya mtu ajione yumo ndani ya tukio, na msisimko ule hufanana na kuelewa. Tafiti zilizolinganisha miwani na skrini zina matokeo mseto: katika baadhi, waliovaa miwani walifurahia zaidi lakini wakajifunza kidogo kuliko wa skrini. Wengine hupata kizunguzungu.

Kupima inawezekana. Wape watu mtihani kabla ya mafunzo, baada yake, na tena wiki kadhaa baadaye, kisha mkabidhi kila mmoja mtungi halisi wa kuzimia moto. Je, anachomoa pini? Analenga shina la moto, au ndimi zake? Anabana kishikio huku akipeleka mpira wa mtungi kushoto na kulia?

Tafadhali usiusambaze ujumbe huo. Kuna bosi anayeweza kuuamini na kufuta mazoezi ya mtungi halisi.