Vepu: ya vijiweni na ya ndani ya kifaa

"Ule ni mvuke wa maji tu." Hapana. Kinachopashwa moto ndani ya vepu, yaani sigara ya kielektroniki, ni vimiminika vya propilini glaikoli na gliserini, vikatiwa ladha na, mara nyingi, nikotini. Koili, ule waya wa kupashia, ikipata moto, kioevu hugeuka vitone vidogo mno vinavyoshuka hadi ndani kabisa ya mapafu. Watafiti wamekuta humo sumu kama formaldehaidi na akrolini, na chembe za metali za nikeli na risasi. Ladha ya embe nayo isikudanganye: kiungo kilichoruhusiwa kuliwa kilipimwa kwa kupita tumboni, si kwenye mapafu.

"Yangu haina nikotini." Soma ubavuni mwa boksi kwanza. Pakiandikwa 5%, hizo ni takriban miligramu 50 katika kila mililita. Kifaa chenye mililita 10 kimebeba kama 500. Sigara moja humwachia mvutaji miligramu 1 hadi 2 hivi. Na hata zilizoandikwa sifuri, vipimo vya maabara vimewahi kukuta baadhi yake zina nikotini.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni namna nikotini hiyo ilivyolainishwa. Zamani ikizidi ilikwaruza koo, na mgeni alikohoa akaiacha. Vepu ya chapa ya Juul ilipoingia sokoni Marekani mwaka 2015, ilikuja na nikotini iliyochanganywa na asidi ya benzoiki, ambayo hupunguza ule ukali. Kufikia mwaka 2019, zaidi ya robo ya wanafunzi wa sekondari za juu huko walisema wamevuta vepu ndani ya siku 30 zilizotangulia.

"Inanituliza mawazo." Inatuliza arosto iliyoileta yenyewe. Nikotini ikishuka mwilini unapata wahka na hasira, ukivuta unapoa, unadhani umetibiwa. Ubongo huendelea kukomaa hadi miaka 25 hivi, na nikotini huvuruga sehemu zinazohusika na umakini na kujizuia. Ndiyo maana kijana hunasa upesi kuliko baba yake.

Zipo na chumvi zinazotiwa na sisi tunaoonya. Utasikia kwamba vepu huleta ule ugonjwa wa mapafu uliowapata wafanyakazi wa kiwanda cha bisi Marekani, kwa sababu ya kemikali ya ladha iitwayo diasetili. Baadhi ya vepu zimekutwa nayo, lakini ugonjwa huo haujathibitishwa kusababishwa na vepu. Vifo vya wavuta vepu mwaka 2019 kule Marekani ni kweli: hadi Februari 2020 walihesabiwa wagonjwa 2,807 waliolazwa au kufa, na waliokufa ni 68. Ila mshukiwa mkuu alikuwa asetati ya vitamini E, iliyochanganywa hasa kwenye vepu za bangi. Tuseme hivyo hivyo, maana vijana wana simu na wanahakiki.

"Si bora kuliko sigara?" Kwa mvutaji sugu anayehama moja kwa moja, ndiyo, sumu hupungua sana kwa kuwa hakuna tumbaku inayoungua. Wa miaka 16 asiyewahi kugusa sigara anahama kutoka wapi? Uganda haikusubiri mjadala huo uishe: sheria yake ya udhibiti wa tumbaku ya mwaka 2015 ilipiga marufuku vepu.

"Nikiamua naacha." Inawezekana. Siku tatu za kwanza huwa ngumu zaidi, usingizi hukatika na hamu ya kula huongezeka, kisha arosto hupungua ndani ya wiki chache.