Je, wajua kwa nini Marekani ilimkabidhi wakili Wizara yake ya Vita?

Ukipanda Hiace ya Usa River kutoka Arusha mjini, maeneo ya Tengeru unapita jirani na Duluti, kilipo Chuo cha Ukamanda na Unadhimu cha jeshi letu. Juzi binti mmoja anayesoma sheria aliketi kando yangu. "Shikamoo mama," akaniambia, "eti mnadhimu ni nani hasa? Na mwanasheria ana kazi gani jeshini?"

Nikamsimulia habari za Elihu Root, maana kisa chake kinajibu maswali yote mawili.

Root alizaliwa mwaka 1845 katika mji mdogo wa Clinton, jimbo la New York, baba yake akiwa mwalimu wa hisabati. Alimaliza sheria mwaka 1867, akawa wakili wa makampuni makubwa. Julai 1899 akaitwa kwenye simu: Rais McKinley anataka uongoze Wizara ya Vita. Root akajibu kwamba hajui lolote kuhusu vita wala jeshi. Upande wa pili ukamwambia kuwa Rais hatafuti mjuzi wa vita. Anatafuta mwanasheria wa kusimamia visiwa vilivyotwaliwa kutoka Hispania.

Mwaka mmoja kabla, Marekani ilikuwa imeishinda Hispania na ghafla ikajikuta na Cuba, Puerto Rico na Ufilipino mikononi. Mahakama zipi zitasikiliza kesi huko? Nani atoze kodi? Hayo ni maswali ya wakili.

Lakini alipoingia ofisini alikuta jeshi lenyewe linaumwa. Katika vita ile askari wengi zaidi walikufa kwa maradhi kuliko kwa risasi. Walipelekwa Cuba, kwenye joto kali, wamevaa sare za sufu. Kule Tampa, bandari ya Florida ambako jeshi lilipandia meli, mabehewa yalirundikana relini bila hati za mizigo, maofisa wakawa wanavunja behewa moja baada ya jingine kutafuta chakula kiko wapi. Bunduki zilikuwepo na ushujaa pia. Kilichokosekana ni mtu wa kukaa mezani kabla ya vita na kupanga nani aende wapi, kwa njia ipi, na mzigo gani. Wakuu wa idara kule Washington walikaa vitini miaka na miaka, kila mmoja na himaya yake, na jenerali aliyeitwa mkuu wa jeshi hakuwa na amri juu yao.

Kazi hiyo ya kupanga ndiyo unadhimu, binti yangu.

Root aliutibu ugonjwa huo kwa kalamu. Mwaka 1901 kikaanzishwa chuo cha juu cha vita, na Februari 1903 Bunge likapitisha sheria ya kuunda kikosi cha wanadhimu 45 chini ya Mnadhimu Mkuu. Hakuna aliyeruhusiwa kung'ang'ania humo: miaka minne, kisha urudi kwa askari. Jenerali Miles, mkuu wa jeshi, aliipinga sheria hiyo kwa nguvu zote. Kwa hiyo ilipangwa ianze kazi tarehe 15 Agosti 1903, siku chache tu baada ya Miles kustaafu. Hapo ndipo ninapomwona wakili kabisa.

Baadaye akawa waziri wa mambo ya nje, akapata Tuzo ya Nobel ya Amani ya mwaka 1912, na mwaka 1920 akasaidia kuandika kanuni za mahakama ya kwanza ya kudumu ya dunia kule The Hague. Sisi tunaoishi na Mahakama ya Afrika hapa Arusha tuna sababu ya kulikumbuka hilo.

Ila kalamu ileile iliwafunga wengine. Root ndiye aliyeandaa masharti yaliyoipa Marekani haki ya kuingilia mambo ya Cuba na kupata kituo cha manowari, kile cha Guantánamo.

"Na Wakyuba wenyewe waliulizwa?" binti akauliza, konda akiwa ameshaanza kuita Makumira.

Waliulizwa. Juni 1901 wajumbe wao wa katiba walikubali kwa kura 16 dhidi ya 11, wakiwa wameambiwa kwamba wakikataa, askari wa Marekani hawaondoki.