Kuperuzi Si Kupumzika: Dhana Potofu Kuhusu Simu na Ubunifu

Watu wengi wanaoishi kwa kubuni, wawe watunzi wa mashairi, mafundi wa mitindo ya vitenge au walimu wanaotafuta njia mpya ya kufundisha somo lile lile, hulalamika kwamba mawazo mapya yamekuwa adimu, na lawama zote huitupia simu. Lawama hizo zina ukweli ndani yake. Hata hivyo, ushauri unaofuata mara nyingi umejengwa juu ya dhana zisizo sahihi, hivyo mtu huzima simu, haoni mabadiliko, kisha hukata tamaa mapema.

Dhana: Kuperuzi simu ni kuipumzisha akili

Hii ndiyo iliyoenea kuliko zote, na kwa maoni yangu ndiyo inayotugharimu zaidi. Mwaka 2019 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Rutgers, Marekani, walichapisha matokeo ya jaribio la wanafunzi 414 waliopewa mafumbo 20 ya maneno yaliyovurugwa herufi. Katikati ya kazi, baadhi yao walipewa mapumziko ya kuchagua bidhaa za kununua, wengine kwa simu, wengine kwa kompyuta na wengine kwenye karatasi. Shughuli ilikuwa moja. Kilichotofautiana ni chombo tu. Waliopumzika kwa simu walichukua muda mrefu zaidi kwa asilimia 19 kumaliza mafumbo yaliyobaki, na waliyoyafumbua yalikuwa pungufu kwa asilimia 22 kuliko ya wenzao waliopumzika kwa njia nyingine. Maelezo ya watafiti hao yanaingia akilini: mtu akishaishika simu, hata kwa jambo dogo, hukumbuka ujumbe ambao hajaujibu na mabishano aliyoyaacha kwenye kundi la WhatsApp, na fikra hizo hazimwachi anaporudi kazini.

Dhana: Akili isiyopewa kazi imelala

Ubongo ni takribani asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini hutumia karibu asilimia 20 ya nishati yake, na matumizi hayo hayashuki sana mtu anapokaa bila shughuli. Mwaka 2001 Marcus Raichle na wenzake wa Chuo Kikuu cha Washington mjini St. Louis walieleza kwamba yapo maeneo ya ubongo yanayochangamka zaidi pale tunapoacha kushughulikia jambo la nje. Ndiyo yanayofanya kazi tunapokumbuka yaliyopita na kuwaza yajayo, na uchunguzi uliofuata umeyakuta yakishirikiana na maeneo yanayodhibiti fikra wakati mtu anapotafuta wazo jipya.

Tazama abiria wanaosubiri pantoni pale Kivukoni, Dar es Salaam, jioni. Mtu hajautua mfuko wake chini, lakini kidole gumba tayari kinasukuma picha kwenda juu, na ataendelea hivyo mpaka geti lifunguliwe. Dakika hizo, ambazo hapo awali akili ilizitumia kuzurura itakavyo, hazipo tena. Nadhani hasara kubwa iko hapa, kuliko hata katika saa za kazi zenyewe.

Dhana: Ukiiweka simu kando, wazo litakuja lenyewe

Mwanahisabati Mfaransa Henri Poincaré, akizungumza mjini Paris mwaka 1908, alisimulia jinsi jawabu la tatizo lililomsumbua lilivyomjia akiwa safarini, mjini Coutances, wakati ule ule alipokanyaga ngazi ya basi. Hakulitafuta, aliingia, akaendelea na mazungumzo, na alilihakiki kwa utulivu baada ya kurudi nyumbani Caen. Kisa hiki husimuliwa sana kama ushahidi wa nguvu ya mapumziko. Kinachosahauliwa ni kwamba Poincaré alikuwa ametangulia kukaa mezani kila siku kwa wiki mbili, akijaribu njia baada ya njia bila mafanikio. Pumziko humsaidia mtu aliyekwisha kulihangaikia jambo. Asiye na swali kichwani hatapata jibu hata akikaa mwezi mzima bila simu.

Dhana: Kuilaza simu kifudifudi kunatosha

Utafiti wa mwaka 2017 wa Chuo Kikuu cha Texas mjini Austin ulionyesha kwamba simu iliyonyamazishwa, ikiwa mezani, ilipunguza uwezo wa kufikiri ikilinganishwa na iliyoachwa chumba kingine. Majaribio mengine ya baadaye hayakukubaliana yote na matokeo hayo. Kwa kuwa kuipeleka simu chumbani hakugharimu kitu, mimi ningeipeleka.

Dhana: Lazima uachane na simu kwa siku nyingi

Wanaosema hivyo hutegemea utafiti wa mwaka 2012, ambapo watu 56 walipimwa, baadhi kabla ya safari ya siku 4 hadi 6 porini bila vifaa vya kielektroniki na wengine wakiwa safarini, na waliokuwa porini walifanya vizuri zaidi kwa asilimia 50 katika jaribio la ubunifu. Lakini watafiti wenyewe walikiri kwamba hawakuweza kutenganisha faida ya mandhari na faida ya kukosa simu. Isitoshe, mama lishe anayelipwa kwa simu na dereva wa bodaboda anayeitwa kwa simu hawawezi kuizima wiki nzima.

Ipo njia iliyo karibu zaidi. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, waligundua kwamba kutembea, hata kwenye mashine iliyoelekezwa ukuta mtupu, kuliongeza mawazo ya kibunifu kwa wastani wa asilimia 60, na faida iliendelea kwa muda baada ya mtu kuketi. Kwa hiyo nenda sokoni kwa miguu bila kitu masikioni, acha simu unazopigiwa zilie lakini zima arifa nyingine zote, na chukua kalamu na kijidaftari, kwa sababu ukiifungua simu ili kuandika wazo lililokujia, ujumbe uliokuwa ukikusubiri utakufikia kabla hujamaliza sentensi ya kwanza.