Umebadilisha CDI na kwadi bado haiwaki? Usinunue spea nyingine kwanza

Msimu wa wageni ukishaanza huku Unguja, kuanzia mwezi wa sita hivi, simu ninazopigiwa na wenye kwadi, zile pikipiki za matairi manne, zinakuwa za maneno yaleyale: fundi nimebadilisha CDI (kile kiboksi cheusi kinachopeleka umeme kwenye koili ya plagi), nimebadilisha koili, plagi mpya, stata inazunguka vizuri kabisa ila kwadi haiwaki, nibadilishe nini tena? Na mimi nawaambia usibadilishe kitu, chukua mita ya kupimia umeme. Mtu anakasirika kidogo maana alitaka nimtajie spea aagize Kariakoo ije na boti ya jioni, lakini ukishaweka kifaa kipya cha umeme na mashine bado imegoma, sababu zinazobaki ni chache tu. Ama ulichoweka hakiendani na hiyo mashine, ama kuna waya umeugusa ukauacha vibaya, ama toka mwanzo tatizo halikuwa la umeme na CDI ya watu ilitolewa bure. Hapa naongelea kwadi za kabureta, zile za cc 110 mpaka 250, nyingi ni za Kichina, ndo zinazokimbizwa Nungwi na Paje na hata Diani kule.

Kwanza kabisa jiulize kama plagi inatoa moto, na usiseme inatoa kwa sababu jana ilitoa. Vua kapu, ile kofia ya plagi, toa plagi, irudishe kwenye kapu, laza chuma chake kwenye injini sehemu ambayo haina rangi, halafu piga stata ukiwa kivulini, maana jua la saa saba mchana hata moto mzuri huuoni. Tundu la plagi lizibe na kitambaa kwanza, kule ndani kunatoka mvuke wa petroli na wewe unataka kurusha cheche hapohapo pembeni, nadhani sina haja ya kuelezea zaidi. Alafu usipige stata plagi ikiwa inaning'inia hewani bila kugusa erthi, ule umeme ukikosa pa kwenda unaweza kutoboa koili au kuua CDI, na hiyo CDI ndo kwanza umeilipia.

Moto unaoutaka ni wa bluu au mweupe unaopasuka kwa sauti. Ukiona wa chungwa, mwembamba, unakuja na kupotea, hesabu kwamba ni dhaifu, maana hapa nje unaruka kwenye hewa ya kawaida lakini ndani ya silinda kuna mgandamizo na pale utashindwa.

Moto hakuna kabisa? Kabla hujafungua chochote angalia swichi ya kuzimia kwenye usukani. Najua, kila mtu anasema ameangalia. Ila hizi kwadi ndogo zina vizimio vingi kuliko pikipiki, kuna funguo, kuna kitufe chekundu, kuna kamba ya nyuma unayoivuta kuizima mtoto akikimbia sana, na nyingine zina kiboksi cha rimoti ambacho kikishaingia maji ya chumvi kinaamua chenyewe lini uendeshe. Kwenye mashine za AC-CDI, zile ambazo CDI inapata umeme kutoka injini na siyo betri, vizimio vyote hivi vinafanya kazi moja, vinapeleka waya wa kuzimia kwenye erthi. Kwahiyo chomoa huo waya pale kwenye soketi ya CDI, mara nyingi ni mweusi wenye mstari mweupe, piga stata. Moto ukirudi, CDI yako nzima, koili nzima, shida iko kwenye swichi au waya uliochubuka unagusa chesisi. Kumbuka tu kwamba ikiwaka hivo funguo haitaizima, kaa tayari kufunga choki au kuziba mdomo wa kabureta.

Sasa hapa kwenye AC na DC ndo pesa za watu zinapotelea, wacha nikae kidogo.

CDI kazi yake ni kuchaji kapasita mpaka volti 200 na kitu, wakati mwingine inafika hata 300 na zaidi, halafu ikipata ishara kutoka pulsa, ile koili ndogo pembeni ya flaiwili inayoiambia wakati wa kurusha moto, inaumwaga wote kwa mpigo kwenye koili. Umeme wa kuchaji hiyo kapasita unatoka wapi? Kwenye AC-CDI unatoka moja kwa moja kwenye stato, zile koili za kuzalisha umeme kwenye injini, kuna koili yake maalum mle ndani nyuma ya flaiwili (lile gurudumu zito la sumaku), na mashine ya aina hii hata betri ikifa ukipiga kiki inawaka. Kwenye DC-CDI unatoka kwenye betri, volti 12, na ndani ya CDI kuna saketi ya kuupandisha. Shida ni kwamba kwa nje hizi mbili zinafanana, boksi jeusi dogo, soketi zile zile, muuzaji anakuambia hii inaingia zote. Kuingia inaingia kweli! Ukiweka ya AC kwenye mashine ya DC, hupati moto hata kidogo, stata inazunguka mpaka betri inaisha. Ukiweka ya DC kwenye mashine ya AC, ule umeme wa stato unaopanda na kushuka unaweza kuiunguza palepale, na risiti imeandikwa mali ikishauzwa hairudishwi.

Kwahiyo usisome CDI, soma mashine. Chomoa soketi, weka mita kwenye volti za DC, washa funguo na kitufe chekundu kiwe kwenye kuwaka, waya hasi wa mita kwenye erthi, mwingine pitisha tundu moja moja. Ukipata tundu lenye volti 12, mashine yako ni ya DC. Usipopata popote, geuza mita kwenye volti za AC, piga stata, tafuta tundu linalotoa volti 40 au zaidi, ukilipata hilo ndo la kuchaji na mashine ni ya AC. Usipate hata moja, usiilaumu CDI, umeme haufiki kwake. Na tafadhali usiende kupima waya unaotoka CDI kwenda koili kwa mita ya kawaida, ile mishtuko ya mia kadhaa inaweza kuiua mita na wewe ikakurusha.

Rangi za waya kwa hizi za Kichina mara nyingi zinafuata mtindo wa Honda, yaani kijani ni erthi, mweusi wa mstari mwekundu unatoka stato kuchaji CDI, mweusi wa mstari wa njano unaenda koili, bluu wa mstari mweupe ni pulsa. Nimesema mara nyingi. Kwadi ikishapita mikono ya mafundi wa mtaani unakuta pulsa imeungwa na waya wa redio na erthi ni waya wa taa ya nyumbani, hapo rangi hazikusaidii, fuata kwa mita.

Kuna dalili moja ya DC-CDI watu wengi hawaijui. Unapiga stata, kimya, hakuna moto, halafu sekunde ile unayoachia kitufe cheche moja inaruka, injini inakohoa mara moja inanyamaza. Hiyo ni betri. Stata inakula umeme wote, volti zinashuka, CDI inakosa nguvu, ukiachia tu volti zinarudi na inatoa ule mmoja wa mwisho. Betri iliyopumzika iwe na volti 12.6 hivi, na wakati stata inazunguka ikishuka chini ya 9.6 usiendelee kutafuta mchawi, chaji au badilisha. Betri mpya ya dukani nayo ipime, nyingi zinauzwa hazijawahi kujazwa chaji.

Koili yenyewe haina mambo mengi ila kwa huku pwani ina ugonjwa wake. Nyingi zinapata erthi kupitia mwili wake, yale mabati yanayofungwa na bolti kwenye fremu. Ukiweka mpya juu ya fremu yenye rangi nzito au kutu ya chumvi, erthi hakuna na moto hakuna, wakati koili ni nzima. Kwangua chini ya bolti mpaka uone chuma kinang'aa. Kwa vipimo, upande mdogo wa koili ya CDI (pale waya wa CDI unapoingia) uwe chini kidogo ya ohm 1 hivi, na kwa sababu mita za bei rahisi zinaongeza zenyewe nusu ohm, gusisha nyaya zake kwanza uone inasoma ngapi halafu toa. Ukipata ohm 3 au 4 upande huo, inawezekana umeuziwa koili ya mfumo mwingine kabisa, itakupa moto wa kuomba omba. Upande mkubwa (wa waya wa plagi) ni kilo-ohm kadhaa, na kapu la plagi peke yake mara nyingi ni karibu kilo-ohm 5. Likisoma zaidi sana au halisomi kabisa, tupa. Kapu ndo kitu cha bei ndogo kuliko vyote na ndo cha mwisho kuangaliwa, sijui kwanini.

Kama ulichobadilisha ni stato basi habari ni nyingine, maana umevua flaiwili. Pulsa ipime, kwa hizi injini inasoma ohm mia moja na ushee mpaka mia mbili, na nafasi kati yake na kile kidude cha flaiwili iwe chini ya milimita moja. Ikiwa mbali sana haihisi kitu. Nyaya zake mbili zikigeuzwa, moto utauona vizuri tu lakini unakuja wakati wake siyo, kwahiyo mashine inapiga misi, inapasuka kwenye ekzozi, au kiki inakurudi mguuni. Dalili hizohizo unazipata ikikatika ile kii ndogo ya nusu mwezi inayoshika flaiwili kwenye shafti, au kama uliifunga flaiwili na kii haikukaa kwenye nafasi yake. Na chungulia kwenye sumaku zake kabla ya kufunga, zinapenda kubeba bolti na washa bila kukuambia.

Moto upo, mzuri, na bado haiwaki? Toa plagi tena. Ikiwa imelowa na inanuka petroli, umeizamisha kwa kupiga stata muda mrefu wakati ulipokuwa huna moto. Ikaushe, acha nje, fungua eksileta yote mkononi na piga stata kidogo kutoa petroli silindani (plagi ikiwa kwenye kapu lake na imegusa erthi, mbali na tundu), kisha rudisha na jaribu bila choki. Nusa pia kijiti cha kupimia oili, ikinuka petroli usiwashe mpaka umemwaga hiyo oili. Plagi ikiwa kavu kabisa basi mafuta hayafiki, hayo ya kabureta nitayaandikia siku nyingine.

Za injeksheni sizigusi hapa, zile zina kompyuta na sensa zake na kuanza kuchomoa chomoa soketi funguo ikiwa imewashwa ni kutafuta hasara.

Ukikwama nitumie picha ya soketi ya CDI pamoja na vipimo ulivyopata kila tundu. Piga upande waya zinapoingilia, siyo upande wa matundu, maana ukigeuza kushoto inakuwa kulia, na mtu akakufuata kwa picha ya upande mwingine mtaunganisha volti 12 kwenye pulsa.