Je, wajua kwa nini hisia ikitajwa kwa jina hupungua makali?

Mtu akiweza kusema "nina hofu", mara nyingi hofu yenyewe huwa imeanza kupoa. Mwaka 2007 Matthew Lieberman na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, waliwapiga watu 30 picha za ubongo huku wakitazama nyuso zenye hasira au woga. Walipochagua neno la kuitaja hisia iliyo usoni, amigdala, kisehemu cha ubongo kinachoshtuka tukiona hatari, ilitulia. Walipochagua tu jina la kumpa mtu wa pichani, haikutulia vile. Papo hapo sehemu ya mbele ya ubongo, upande wa kulia, ilichangamka, na hiyo ni mojawapo ya zinazotusaidia kujizuia.

Mwaka 2012 jambo hilo lilijaribiwa kwa watu 88 wanaoogopa buibui. Waliokaa mbele ya buibui mkubwa aliye hai huku wakisema wazi wanavyoogopa ndio ambao mikono yao ilitoa jasho kidogo kuliko ya wengine walipokutana na buibui tena wiki moja baadaye. Waliojiambia kwamba hana madhara hawakufaidika hivyo.

Sisi wengi tumelelewa kwa "jikaze". Nasikitika kusema kwamba kujikaza huficha uso tu: James Gross na Robert Levenson walionyesha mwaka 1997 kwamba waliotazama filamu ya kuhuzunisha huku wakizuia hisia zisionekane walibaki na huzuni ileile, na moyo na mishipa yao ya damu ikahangaika zaidi.

Lakini jina lenyewe lazima liwe sahihi. Chukua abiria wa matatu ya Kayole, Nairobi, jioni ya mvua. Nauli ya 60 imepanda hadi 100, na makanga anamwambia mbele ya watu, "Kama huna, shuka." Anafika nyumbani na kuwafokea watoto kwa sababu ya viatu vilivyoachwa mlangoni. Mwulize, atasema ni hasira. Akijichunguza ataona kwamba shilingi 40 si kitu: ameaibishwa, na chini ya aibu kuna hofu ya kodi ya nyumba, kwa maana tarehe 5 imekaribia. Aibu itapungua akimsimulia mtu anayemheshimu. Hofu ya kodi inataka ampigie landilodi kabla mlango haujafungwa kufuli. Hasira ilimpeleka kwa watoto tu.

Peter Salovey na John Mayer, walioeleza akili ya hisia mwaka 1990, waliitaja kuwa uwezo wa kufuatilia hisia, kuzitofautisha na kuzitumia kuongoza fikra na matendo. Kwangu mimi uzito uko kwenye kutofautisha, na unaweza kuanza na mtoto. Akirudi shuleni amenuna, usimwambie anyamaze. Mwulize kama amechekwa au anaogopa mtihani, umpe muda achague mwenyewe.