Siku 90 ndani ya siku 180: kanuni ya ukaaji wa Schengen na namna ya kuihesabu

Mwenye viza ya kuingia mara nyingi katika Schengen, yaani eneo la nchi 29 za Ulaya zinazohesabiwa kama moja, huona tarehe mbili kwenye stika ya viza yake, ya mwanzo na ya mwisho, akadhani kati ya hizo anaweza kukaa Ulaya apendavyo. Hawezi. Ipo kanuni nyingine inayombana: asikae zaidi ya siku 90 ndani ya kipindi chochote cha siku 180. Imeandikwa kwa maneno machache, lakini huwaponza watu wengi waangalifu, kwa sababu kipindi hicho cha siku 180 hakina tarehe maalumu ya kuanzia. Hakianzi Januari, hakianzi siku viza ilipotoka, wala hakianzi siku ulipoingia mara ya kwanza. Kinasogea pamoja na kalenda.

Hesabu yake hufanywa kwa kurudi nyuma. Chukua siku yoyote uliyopo Schengen, uifanye ya mwisho, kisha rudi nyuma hadi zitimie siku 180, hiyo yenyewe ikiwemo. Jumlisha siku zote ulizokuwa Schengen ndani ya kipindi hicho. Zikiwa 90 au pungufu, uko salama siku hiyo. Zikifika 91, umezidisha, hata kama viza yako bado ina miezi minane mbele. Kesho yake hesabu inafanywa upya: siku moja inaingia mbele, moja inadondoka nyuma.

Zamani haikuwa hivi. Hadi Oktoba 2013 kanuni ilisema miezi mitatu ndani ya miezi sita tangu kuingia mara ya kwanza. Hesabu hii ya kusogea ilianza kutumika tarehe 18 Oktoba 2013. Ndiyo maana utakutana na mtu aliyesafiri sana enzi hizo anayekuambia usubiri miezi sita iishe ndipo upate siku mpya. Anasema aliyoyajua kwa ukweli, lakini ushauri wake umepitwa na wakati.

Tuone kwa mfano. Mama wa Tanga ana viza ya mwaka mzima, 1 Januari hadi 31 Desemba 2026, ya kuingia mara nyingi. Binti yake amejifungua Hamburg, Ujerumani, na mama anakwenda kumsaidia. Anaingia tarehe 10 Januari, anaondoka tarehe 28 Februari. Siku ya kuingia inahesabiwa, ya kuondoka pia inahesabiwa, hata kama alikuwepo saa mbili tu. Januari ana siku 22, Februari 28. Jumla 50.

Sasa anataka kurudi. Akiingia tarehe 1 Mei, zile siku 50 zote bado zimo ndani ya siku 180 za nyuma, kwa hiyo amebakiwa na 40. Siku ya arobaini ni tarehe 9 Juni, na siku hiyo lazima awe anavuka mpaka kutoka. Tarehe 10 Juni ingekuwa siku ya 91. Siku za Januari zitaanza kudondoka tarehe 9 Julai, na kuanzia hapo anaweza kuingia tena.

Lakini akichelewa mwezi mmoja tu, aingie tarehe 1 Juni, mambo yanabadilika kabisa. Siku anayoingia amebakiwa na 40 vilevile, na wengi wangekata tiketi ya kurudi tarehe 10 Julai. Tazama kinachotokea kabla ya hapo. Tarehe 8 Julai ana jumla ya siku 88: 50 za mwanzo na 38 za sasa. Tarehe 9 Julai kipindi cha siku 180 kinaanzia 11 Januari, kwa hiyo ile siku ya 10 Januari imetoka. Anaongeza moja, anapoteza moja, anabaki 88. Inaendelea hivyo kila siku hadi tarehe 27 Agosti, siku zote za Januari na Februari zikiwa zimekwisha kudondoka. Baada ya hapo zinabaki mbili, na anaweza kukaa mpaka tarehe 29 Agosti, siku ya tisini tangu aingie Juni. Viza ni ileile na safari ya kwanza ni ileile, ila mwezi mmoja wa subira umempa wiki saba za ziada na mjukuu wake. Kwa hiyo usikate tiketi kwa kutoa tu siku ulizotumia kutoka 90. Pitia hesabu siku kwa siku. Tume ya Ulaya ina kikokotoo cha bure kwenye tovuti yake: unaingiza tarehe zako za kuingia na kutoka, kinakupa jibu.

Asiyependa hesabu anaweza kushika jambo moja: ukikaa nje ya Schengen siku 90 mfululizo, unaporudi unaruhusiwa siku 90 kamili, mradi viza yako inafika huko.

Nje ya Schengen ni wapi? Makubaliano yalisainiwa tarehe 14 Juni 1985 katika kijiji cha Schengen, Luxembourg, na nchi tano. Leo ni nchi 29: nchi 25 za Umoja wa Ulaya, pamoja na Uswisi, Norway, Iceland na Liechtenstein. Kroatia iliingia 1 Januari 2023. Bulgaria na Romania ziliingia kwa viwanja vya ndege na bandari 31 Machi 2024, na kwa mipaka ya nchi kavu 1 Januari 2025, kwa hiyo aliyezoea kwenda Sofia, mji mkuu wa Bulgaria, "kupumzisha siku" asijidanganye tena. Uingereza haimo. Ayalandi na Saiprasi zimo katika Umoja wa Ulaya lakini si Schengen. Mayotte na Réunion, japo ni Ufaransa, nazo haziko ndani ya Schengen, jambo la kujua kwa wanaosafiri kupitia Komoro. Siku utakazokaa katika maeneo hayo hazihesabiwi, ila kila moja ina masharti yake ya kuingia.

Nchi zote 29 zinahesabiwa kama eneo moja. Siku 40 za Ujerumani, 30 za Uholanzi na 20 za Italia ni siku 90, zimekwisha. Na kwenda London wikiendi moja kisha kurudi Paris hakuanzishi hesabu upya. Utaokoa tu zile siku nzima ulizolala Uingereza. Tena kama viza yako ni ya kuingia mara moja, ukishatoka huwezi kurudi.

Hapo tunafika kwenye stika yenyewe, kwa sababu si kila viza inatoa siku 90. Ichukue uisome mstari kwa mstari. Kwenye stika ya Ujerumani, penye GÜLTIG FÜR pameandikwa maeneo inakofanya kazi, kwa kawaida nchi zote za Schengen. VOM na BIS ni tarehe ya mwanzo na ya mwisho. ANZAHL DER EINREISEN ni idadi ya kuingia: 1, 2 au MULT, yaani mara nyingi. Kisha DAUER DES AUFENTHALTS, idadi ya siku unazoruhusiwa kukaa. Namba hii ndiyo watu huiruka, na ndiyo muhimu kupita zote.

Viza ya kuingia mara moja kwa kawaida huongezewa siku 15 za tahadhari, endapo safari itasogezwa. Kwa hiyo unaweza kupewa stika ya 05-06-26 hadi 19-07-26, ambazo ni siku 45, huku siku za kukaa zikiwa 30. Siku hizo 15 si zawadi ya likizo. Unachagua tarehe ya kuingia ndani ya muda huo, unakaa 30 zisizozidi, unaondoka. Na ukichelewa kuingia mpaka 10 Julai, utalazimika kutoka tarehe 19 Julai ukiwa umetumia siku 10 tu, maana tarehe ya mwisho haivukwi. Kati ya vikomo hivi, kinachofika kwanza ndicho kinachokutoa.

Idadi hiyo ya siku hutokana na ulichowasilisha ubalozini: ratiba, bima, uwezo wa kujikimu. Bima ya matibabu isiyopungua euro 30,000 ikikatwa kwa wiki tatu, usitarajie miezi mitatu. Pasi nayo iwe imetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita na iwe hai angalau miezi mitatu baada ya tarehe ya kuondoka Schengen.

Siku huhesabiwa kwa tarehe unayovuka mpaka, yaani unapopita kwa afisa wa pasi, na si kwa saa ya ndege iliyoandikwa kwenye tiketi. Hili lina mtego wake. Ukitoka Hamburg kwenda Dar es Salaam kupitia Amsterdam, Hamburg hupiti ukaguzi wa pasi, kwa sababu Hamburg na Amsterdam zote zimo Schengen. Unakaguliwa Amsterdam. Ndege ya kwanza ikikwama na ukalala njiani, siku yako ya kutoka inasogea. Ukipitia Istanbul, ambayo iko nje ya Schengen, unakaguliwa Hamburg, na ukishapita pale ukaaji wako umekwisha. Usiache siku ya mwisho kabisa kuwa ndiyo siku ya safari. Bakiza mbili au tatu.

Anayebadilisha ndege bila kutoka eneo la kimataifa la uwanja hajaingia Schengen, na hahesabiwi siku. Lakini raia wa Kongo (DRC) kwa kawaida wanahitaji viza ya kupita uwanjani hata kwa hilo, isipokuwa wenye vibali au viza fulani zinazowaondolea sharti hilo.

Mwenye kibali cha kuishi Ujerumani hahesabiwi siku zake za Ujerumani. Akitoka kwenda Ufaransa au Ubelgiji, siku za huko zinahesabiwa, na kikomo ni kilekile cha 90 ndani ya 180. Mtanzania au Mkenya mwenye kibali cha Uingereza bado anahitaji viza ya Schengen, na mwenye pasi ya Oman pia. Mwenye pasi ya Imarati au ya Uingereza huingia bila viza, ila kanuni ya siku inamhusu vilevile.

Zamani afisa alipekua mihuri na kuhesabu kwa vidole. Tarehe 12 Oktoba 2025 ulianza Mfumo wa Kuingia na Kutoka, unaosajili kielektroniki kila kuvuka mpaka na kuchukua mahali pa mihuri, ukiwa umepangwa kuenea kwenye vituo vyote ifikapo 10 Aprili 2026. Aliyeomba viza alama zake za vidole zilishachukuliwa. Mpakani huongezwa picha ya uso. Mfumo unajumlisha siku wenyewe na kumwonyesha afisa aliyezidisha. Kumbukumbu hukaa miaka mitatu, na mitano kama hakuna rekodi ya kutoka. Kwa hiyo ukiondoka kwa barabara au feri, hakikisha umesajiliwa, na tunza tiketi na kipande cha kupandia chombo. Pasipo rekodi ya kutoka, utadhaniwa ulibaki, na mzigo wa kuthibitisha kwamba uliondoka utakuwa wako.

Aliyezidisha hukutana na adhabu za nchi ya Schengen anayopitia kutoka: faini, amri ya kuondoka, au marufuku ya kuingia ambayo kwa kawaida haizidi miaka mitano. Marufuku ikiwekwa kwenye mfumo wa taarifa wa Schengen, inafanya kazi katika nchi zote. Hata pasipo marufuku, siku mbili ulizozidisha zinaweza kukuangusha katika ombi lijalo, wakati aliyetumia viza zake vizuri hupanda ngazi: viza tatu ndani ya miaka miwili humfungulia ya mwaka mmoja, baadaye miwili, kisha mitano.

Ukiugua au ndege zikisimama, usikae kimya ukitegemea kueleweka uwanjani. Nenda kwa mamlaka ya wageni ya mji uliopo kabla siku hazijaisha. Ujerumani inaitwa Ausländerbehörde. Beba pasi, cheti cha daktari au barua ya shirika la ndege, na bima iliyorefushwa. Kwa dharura iliyo nje ya uwezo wako au sababu za kibinadamu, kurefushiwa ni bure. Kwa sababu nzito za binafsi ni euro 30. Viza ya Schengen hairefushwi kupita siku 90. Ikibidi kupita hapo, Ujerumani inaweza kukurefushia kama viza ya kitaifa, na ombi hilo nalo lazima lifike mezani kwao viza yako ikiwa bado hai.