"Hongera, umekaa vizuri" si mrejesho: dhana potofu kuhusu ukurasa wa kabla ya uzinduzi

Vijana wanaoanzisha kampuni changa huku Nyanda za Juu Kusini, wawe wametokea Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia (MUST) pale Mbeya au vyuo vya Iringa, siku hizi hawangoji huduma ikamilike ndipo watangaze. Wanaanza na ukurasa mmoja mtandaoni: jina la huduma, maelezo mafupi, picha, na kitufe cha kujiandikisha. Kiungo kinarushwa kwenye kundi la WhatsApp na ujumbe wa "wakuu, naombeni maoni". Zinarudi dole gumba na emoji za moto, na mwenye ukurasa anaamini amepata mrejesho.

Wengine hawaombi hata hayo. Wanajifariji kwa methali ya kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Lakini hapa bidhaa yenyewe haijawepo. Kilichopo ni maneno tu, na maneno yasipoeleweka hakuna uzuri utakaojiuza.

Nitatumia mfano mmoja wa kubuni: huduma ya kuwaunganisha wakulima wa viazi mviringo wa Makete na Uporoto na wanunuzi wa Dar es Salaam.

"Wakisema ni nzuri, ni nzuri"

Kati ya dhana zote, hii ndiyo inayopoteza watu zaidi. Nenda sokoni Mwanjelwa, mwamkie vizuri mama anayeuza viazi, mwonyeshe simu na umwambie, "Hii nimeitengeneza mimi." Atakujibu, "Hongera mwanangu, Mungu akusimamie." Hajakudanganya. Umemwuliza kama anakutakia mema, naye amejibu kwamba ndiyo, anakutakia. Kumvunja kijana moyo mbele ya kazi ya mikono yake ni utovu wa adabu, Mbeya na Iringa pia. Na mgema akisifiwa tembo hulitia maji: sifa za wiki ya kwanza ndizo zinazomfanya mtu asirekebishe chochote hadi siku ya uzinduzi.

Ukweli ni kwamba maoni yanayofaa hayapatikani kwa kuuliza mtu anaonaje. Yanapatikana kwa kumwuliza ameelewa nini, kisha kumtazama akitumia. Njia nyepesi ni kumpa simu aangalie ukurasa kwa sekunde tano, uichukue, kisha uulize.

"Mama, hawa watu wanafanya nini?"

"Si watu wa mradi hawa? Semina yao ni lini?"

Jibu kama hilo linauma, ila lina thamani kuliko dole gumba hamsini. Ukurasa uliandikwa "tunaboresha mnyororo wa thamani kwa suluhisho za kidijitali", na maneno ya aina hiyo mama huyu ameyasikia kwa watu wa miradi tu, waliokuja na kalamu na chupa za maji, wakaondoka. Akitafuta mnunuzi hawezi kubonyeza hapo. Andika "Uza viazi vyako kwa mnunuzi wa Dar bila kupitia dalali" uone kama swali la semina litarudi.

Mpe tena simu, safari hii asome taratibu. Akifika palipoandikwa "bei nzuri kwa kila gunia" atakutazama: gunia lipi, la kilo mia au lumbesa, lile linalojazwa kupita kipimo? Wakala wa Vipimo unapiga marufuku lumbesa, lakini mkulima anajua kinachopakiwa kwenye Fuso kule shambani, na anajua nani hula hasara. Neno "gunia" peke yake linamwambia kwamba mwandishi hajawahi kuuza viazi. Bei ikiandikwa kwa kilo, swali linakwisha. Hakuna mwanakundi wa WhatsApp ambaye angekuonyesha hilo.

Kazi ngumu hapa ni kunyamaza. Kidole chake kikisita, usimwelekeze. Akibonyeza picha akidhani ni kitufe, mwache abonyeze, kisha andika pembeni kwamba watu wanaibonyeza picha. Siku ya uzinduzi hutakuwepo begani kwa kila mteja. Kuna wanaoshauri umdanganye kwamba ukurasa ni wa rafiki yako ili awe huru kusema. Mimi sioni haja ya uongo. Usijitaje tu, au mtume mwenzako ambaye hakuushika ukurasa huo.

Lipo pia swali la "ungeitumia huduma hii?" Liache. Kila mtu ataitumia, kwa mdomo. Uliza msimu uliopita viazi vyake alimuuzia nani, mnunuzi alimpataje, na alilipwa lini. Ukisikia kwamba dalali humkopesha mbegu na mbolea kabla ya msimu, umejifunza kitu kizito kuliko rangi ya kitufe: ule mstari wa "bila kupitia dalali" unaweza kumtisha badala ya kumvuta.

"Mpaka tupate maoni ya watu wengi"

Kama unatafuta kasoro za ukurasa, watu wachache wanatosha. Watafiti wa utumiaji wa programu Jakob Nielsen na Thomas Landauer walichapisha hesabu zao mwaka 1993: katika majaribio waliyoyachambua, mtumiaji mmoja kwa wastani alifichua karibu asilimia 31 ya matatizo ya utumiaji. Ndipo Nielsen, mwaka 2000, akaeleza kwamba watu watano hufichua kama asilimia 85; kuanzia hapo unaona yale yale yakijirudia. Ushauri wake ni kuwajaribu watano, kurekebisha, kisha kuwajaribu watano wengine, badala ya kumaliza nguvu zote kwa watu kumi na tano mara moja.

Hesabu hiyo inapotoshwa kwa namna mbili. Kwanza, inahusu kasoro za utumiaji, yaani mtu kushindwa kuona, kuelewa au kubonyeza. Haisemi kwamba watu watano wanathibitisha soko lipo. Pili, inahusu watu wa kundi moja. Mkulima wa Makete na mwenye mgahawa wa chipsi Kinondoni hawasomi ukurasa kwa jicho moja, kwa hiyo kila kundi lipate watu wake.

"Wenzetu wa teknolojia ndio wanaojua"

Wanajua teknolojia. Wakikwambia kitufe hakifanyi kazi, wasikilize. Ila wao wanaufungua ukurasa kwenye kompyuta mpakato, ndani, kwa intaneti ya ofisi. Mkulima anaufungua kwa simu janja yenye kioo kilichopasuka, jua la saa saba mchana, bando likielekea ukingoni. Picha iliyotoka kwenye kamera ikiwa na MB nne na kuwekwa juu kabisa ya ukurasa itamfanya aondoke kabla hata jina lako halijatokea. Maandishi ya kijivu juu ya weupe, yanayopendwa sana na wabunifu, juani hayaonekani. Na kisanduku kinachodai barua pepe kinamsimamisha mtu ambaye anaishi kwa namba ya simu.

Ukiwa Mafinga na huduma yako inahusu mbao, mtu wa kuulizwa ni fundi seremala na mwenye mashine ya kupasulia magogo. Mhadhiri aliyekusimamia mradi wa mwaka wa tatu atakupa maoni mazuri ya insha.

"Bei tuifiche kwanza, tusiwakimbize"

Kila aliyewahi kuandikiwa "bei njoo inbox" anajua anachowaza hapo: ama ni ghali, ama napimwa sura. Kwa ukurasa wa kampuni isiyojulikana kuna wazo la tatu, na ndilo baya zaidi, kwamba huyu ni tapeli. Nchi nzima imeshapokea ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii", kwa hiyo ukurasa unaoomba namba ya simu bila kusema ni akina nani, wako wapi na wanatoza kiasi gani unaanzia kwenye deni la imani.

Kama bei haijaamuliwa, sema inavyotarajiwa kukatwa: asilimia ya mauzo, au kiasi maalumu kwa kila mzigo. Weka namba inayopokelewa na mtu. Taja mnapopatikana, hata kama ni chumba kimoja Uyole au Kihesa. Ukifanya majaribio utaona wengi wakishuka hadi chini kabisa kutafuta hayo kabla ya kurudi juu kusoma maelezo yako matamu.

"Wataniibia wazo" na "haujakamilika"

Hizi mbili huja pamoja, na aghalabu ya pili ni kificho cha ya kwanza. Hakimiliki, kwa mujibu wa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, hulinda kazi iliyokwisha kuwekwa katika umbo fulani: maandishi, michoro, programu. Wazo la kuunganisha wakulima na wanunuzi halilindwi, na si wewe wa kwanza kulipata. Jina unaweza kulisajili BRELA, wakala wa usajili wa biashara, na alama ya biashara pia. Tofauti ipo kama umebuni kifaa au mtambo unaotaka kuuombea hataza, yaani haki ya mvumbuzi, maana kuuanika hadharani kabla ya maombi kunaweza kukuharibia sharti la kwamba uvumbuzi uwe mpya. Huyo akapate ushauri kwanza. Wengine wote, onyesheni.

Na kuonyesha mapema kuna faida ambayo watu hawaitarajii. Ukurasa uliochorwa kwa kalamu kwenye karatasi huwafanya watu wazungumzie maana yake, kwa kuwa hakuna kingine cha kusifia. Ukiwa umeng'arishwa, watakuambia kuhusu rangi.

"Waliojiandikisha ni wengi, soko lipo"

Hadithi inayotajwa sana ni ya Dropbox, huduma ya kuhifadhi mafaili mtandaoni. Mwaka 2008 mwanzilishi wake, Drew Houston, aliweka video fupi ya kuonyesha programu itakavyofanya kazi, na orodha ya wanaosubiri ikapanda kutoka watu 5,000 hadi 75,000 kwa usiku mmoja. Kinachoachwa katika kusimulia ni kwamba video ile ilijaa vichekesho vya ndani vya watu wa Digg, tovuti ya kushirikishana habari iliyopendwa na wapenzi wa teknolojia, na hao ndio waliokuwa na tatizo la mafaili kutawanyika kwenye kompyuta kadhaa. Haikuwa umati wowote tu.

Kwangu mfano wa Buffer una mafunzo zaidi. Mwaka 2010 Joel Gascoigne, akiwa Uingereza, aliweka ukurasa ulioeleza huduma ya kupanga machapisho ya Twitter, ambayo ilikuwa haijajengwa. Aliyebonyeza alikuta taarifa kwamba bado hawako tayari, aache barua pepe. Waliacha. Hakuridhika, akaingiza katikati ukurasa wa bei, ukiwa na chaguo la bure na ya kulipia, aone nani atabonyeza nini. Baada ya baadhi kuchagua ya kulipia ndipo akaanza kujenga.

Kujiandikisha hakumgharimu mtu kitu. Kwenye viazi vyetu, kipimo chenye uzito ni mkulima kutaja ana kilo ngapi na zitakuwa tayari mwezi gani, au mnunuzi kukubali kupigiwa simu kesho asubuhi na kweli akapokea. Orodha ya namba mia tatu ambazo kumi tu zinapokea ni orodha ya watu kumi.

Kuhusu kufanyia kazi kila maoni: hapana. Mmoja atataka kijani, mwingine Kinyakyusa, mwingine muuze na mbolea. Kasoro iliyowakwaza watatu kati ya watano, rekebisha leo. Pendekezo la mtu mmoja ambaye si mkulima wala mnunuzi, mshukuru.

Limebaki jambo ambalo wengi hawalioni kuwa ni sehemu ya kuomba maoni. Namba za simu unazokusanya ni taarifa binafsi, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, haibagui kampuni changa na kubwa. Wanaokusanya taarifa hizo wanatakiwa kujisajili kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na taarifa zitumike kwa lengo lililotajwa. Kwa hiyo andika chini ya kitufe, kwa Kiswahili cha kawaida, kwamba namba itatumika kumjulisha mtu huduma ikianza, basi. Usiipeleke kwa rafiki yako anayeuza viwanja. Na mtu akipiga kutaka namba yake ifutwe, ifute.